Sonona Baada ya Kujifungua: Tiba ya Mama na Faida kwa Mtoto

Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa. Si uvivu, wala si adhabu ya dhambi. Akina mama wengi hulia bila sababu katika siku za kwanza, na hali hiyo hupita ndani ya majuma mawili. Ikizidi hapo, mama akakosa usingizi hata mtoto alalapo, akajiona hafai, akamtazama mwanawe kama mtoto wa jirani, anahitaji tiba.

Mtoto mchanga husoma uso wa mama kabla ya kujua neno lolote. Akitabasamu, hungoja kujibiwa. Asipojibiwa hunyamaza, na ukimya huo humfanya mama aamini kwamba hapendwi. Katika vijiji kama vya Masuguru, bibi na mashangazi humhudumia mzazi hadi arobaini, kisha hurudi makwao. Ugonjwa huu haufuati hesabu hiyo.

Tiba yake kuu ni mazungumzo yenye utaratibu. Mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, watu wazima wenye sonona walikutana kwa vikundi kila juma, kwa majuma 16. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliofundishwa kwa majuma mawili. Kila mmoja alieleza kilichomwangusha: msiba, ugomvi wa nyumbani, au badiliko kubwa la maisha (na kuzaa ni badiliko kubwa kweli). Waliopona walikuwa wengi kuliko wasiopata vikundi.

Huko Khayelitsha, Afrika Kusini, wanawake wa mtaani waliofunzwa waliwatembelea akina mama mara 16, tangu ujauzito hadi mtoto alipofikisha miezi sita. Walimwonyesha mama jinsi mtoto anavyofuata sauti yake. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kuwa mama hao waliwaitikia watoto wao kwa upole zaidi, na watoto walipofika miezi 18 uhusiano wao na mama ulikuwa imara zaidi. Kazi ya namna hiyo WAWATA na jumuiya ndogondogo wanaweza kujifunza.

Dawa pia zipo, na daktari huchagua zinazomfaa anayenyonyesha. Tumwombee mama, naam, lakini tumpeleke kliniki. Anayesikia sauti zisizokuwepo, au kuwaza kujiua au kumdhuru mtoto, afikishwe hospitali siku hiyohiyo, wala asiachwe peke yake. Wilayani Korogwe ipo Hospitali ya Lutindi ya ndugu zetu Walutheri, inayohudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20.