Chuo cha Bure na Njia ya Utabibu Jijini New York

Kwetu Tanzania kijana aliyefaulu vema fizikia, kemia na biolojia katika kidato cha sita huweza kuingia moja kwa moja katika masomo ya udaktari, na hesabu ya karo huanzia hapo. Marekani desturi ni nyingine, kwani huko mtu aghalabu hapokewi katika skuli ya utabibu mpaka awe amekwisha kupata shahada ya kwanza, na shahada hiyo humla miaka 4 kabla ya ile 4 ya utabibu wenyewe. Kwa hiyo mzazi wa huko asiye na mali, ambaye mwanawe ametia nia ya kuwa tabibu, hukabiliwa na suala lisilomjia mzazi wa Tanga: ni chuo gani cha kwanza kitakachompa mwana elimu ya kutosha, kisha kimwachie akiba ya kulipia masomo ya pili? Suala hili lina tarikhi yake, na tarikhi hiyo husomeka waziwazi zaidi katika jiji la New York.

Desturi yenyewe si kongwe. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 skuli nyingi za utabibu za Marekani zilikuwa biashara za matabibu wenyewe, waliogawana karo kama faida ya duka, na aliyeweza kulipa hakuulizwa mno alikosoma kwanza. Mambo yalianza kugeuka mwaka 1893, ilipofunguliwa skuli ya utabibu ya Johns Hopkins, mjini Baltimore. Bibi mmoja tajiri wa mji huo, Mary Elizabeth Garrett, alikuwa ametoa fedha zilizokamilisha kima cha dola 500,000 kilichohitajiwa, lakini akaziwekea masharti mawili mazito: wanawake wapokewe sawasawa na wanaume, na kila aingiaye awe na shahada. Yasimuliwa kuwa William Osler, mmoja wa maprofesa wa mwanzo, alimwambia mwenzake William Welch kwamba ni bahati yao kuingia pale kama walimu, maana kama wanafunzi wasingepokewa.

Sharti la Baltimore la kusoma chuo kwanza likaanza kuwa kipimo cha nchi nzima baada ya mwaka 1910, mwalimu Abraham Flexner alipotoa ripoti yake juu ya skuli 155 za Marekani na Kanada alizozikagua, na nyingi akazikuta hazina maabara wala hospitali za kufundishia. Hapana shaka kwamba wagonjwa walinufaika na ukali wake. Walakini skuli zilizofungwa ndizo alizozimudu fukara, na katika skuli 7 zilizowafundisha Wamarekani weusi zilisalia 2 tu, Howard na Meharry. Flexner aliijua hoja ya kwamba kijana maskini atafungiwa mlango, akaikataa katika ripoti ile ile, ingawa yeye mwenyewe alimaliza masomo yake ya shahada ya kwanza ya Johns Hopkins kwa miaka 2 kwa sababu ya uchache wa fedha za nyumbani kwao. Mtu husahau upesi ngazi aliyopandia.

Tangu hapo utabibu ukawa elimu ya ghorofa mbili, na zote mbili aghalabu za kulipiwa. New York mambo yalikuwa mengine, kwani huko ghorofa ya chini ilikuwa bure. Mwaka 1847 Townsend Harris, mfanyabiashara aliyesimamia halmashauri ya elimu ya jiji, aliwashawishi watu wa New York wapige kura ya kuanzisha chuo ambacho wana wa wachuuzi na wa matajiri wangekaa humo benchi moja, wakichaguliwa kwa maarifa yao na bila kutozwa karo. Chuo kilifunguliwa mwaka 1849, na mwaka 1907 kikahamia juu ya kilima cha Harlem, katika majumba ya mawe ya kijivu yaliyochimbwa humo humo kisiwani Manhattan, ambayo mgeni angeyadhania makanisa ya kale ya Uingereza. Ndicho kinachoitwa City College. Wanawake walikuwa na chuo chao, Hunter, kilichoanzishwa mwaka 1870, nacho kwa desturi ile ile ya bure.

Wakati wa dhiki kuu ya uchumi iliyoanza mwaka 1929, wengi wa waliopanda kilima kile kila asubuhi walikuwa wana wa Mayahudi waliohamia kutoka Urusi na Polandi. Walikuja kwa treni za chini ya ardhi, wakarudi jioni kulala kwa wazazi wao, kwani chuo hakikuwa na mabweni. Vitabu vilikuwa haba, na maabara zake hazikufanana na za vyuo vya wenye nazo. Juu ya hayo, humo walipita Julius Axelrod aliyemaliza mwaka 1933, Jonas Salk, mvumbuzi wa baadaye wa chanjo ya polio, aliyemaliza mwaka 1934, na Arthur Kornberg aliyemaliza mwaka 1937, na wote watatu walitaka utabibu.

Habari za Kornberg ndizo zinazoonyesha hesabu yenyewe. Baba yake alishona nguo viwandani kwa miaka mingi, kisha akafungua duka dogo la vifaa vya chuma huko Brooklyn. Kijana aliingia chuoni akiwa na umri wa miaka 15, akipata msaada wa dola 100 kwa mwaka kutoka serikali ya jimbo, na jioni na siku za mapumziko akiuza mavazi ya kiume dukani. Maadamu hakulipa karo, mshahara ule ulimtosha kwa matumizi yote, na baki yake ikamlipia karibu nusu ya kwanza ya masomo ya utabibu huko Rochester, alikohitimu mwaka 1941. Mwaka 1959 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wa jinsi DNA inavyoundwa. Watu husifu akili yake, nami nasifu pia lile baki.

Salk naye alichagua skuli ya utabibu ya Chuo Kikuu cha New York, ambayo karo yake ilikuwa nafuu ikilinganishwa na nyingine, na fauka ya hayo haikuwabagua Mayahudi. Sababu hii ya pili yataka maelezo. Tangu miaka ya 1920 skuli kubwa za utabibu za mashariki ya Marekani zilijiwekea kiwango cha Mayahudi wa kupokewa, nazo hazikukitangaza. Fomu ya maombi iliuliza dini, au jina la ukoo wa mama kabla ya kuolewa, na mwombaji aliambiwa alete picha. Vilivyosalia vilimalizwa katika mahojiano. Jina la City College juu ya cheti, lililokuwa fahari mtaani Bronx, mbele ya wachaguzi wa skuli hizo lilikuwa kama anwani ya nyumbani kwa mwombaji. Axelrod aliomba katika skuli kadhaa, na hakuna iliyompokea. Akawa msaidizi wa maabara kwa miaka, akapata shahada ya udaktari wa falsafa mwaka 1955, alipokwisha kupita umri wa miaka 40, na mwaka 1970 akashiriki Tuzo ya Nobel ya tiba, ilhali hakupata kuwa tabibu. Vijana wengine mamia walivuka bahari wakaenda kusoma utabibu Glasgow na Edinburgh, ambako walipokewa. Chuo cha bure kiliweza kumwondolea mtu deni la karo; kumwondolea dhana iliyokuwa vichwani mwa wachaguzi hakikuweza.

Viwango hivyo vililegea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Karo ndiyo iliyorudi. Jiji la New York lilikaribia kufilisika mwaka 1975, na mwaka uliofuata vyuo vyake vikaanza kutoza ada ya masomo, baada ya takriban miaka 130 ya bure. Mwaka 2018 ile ile skuli ya utabibu aliyosoma Salk ikawafutia karo wanafunzi wake wote, na mwaka 2024 skuli ya Albert Einstein, iliyoko Bronx, ikafuata, kwa zawadi ya dola bilioni 1 kutoka kwa Ruth Gottesman, aliyekuwa profesa hapo. Sasa, katika skuli hizo mbili, ghorofa ya juu ndiyo ya bure, na mwana wa mshona nguo wa Brooklyn anayezitazama huenda akalazimika kwanza kulipia ya chini, ambayo Kornberg aliipanda bila kutoa senti ya karo.