Miaka ya Kazi Kabla ya Chuo: Azimio la Musoma na Sisi Tuliorudi Masomoni

Mtu mzima anayerudi chuoni hutazamwa kama mtu aliyechelewa. Wenzake darasani humwita mzee au mama, na yeye mwenyewe huanza kuomba radhi kabla hajakosea. Mimi ni mmoja wao. Nilimaliza chuo cha ualimu wa shule za msingi hapa Uganda nikiwa na miaka 21, nikafundisha miaka 18, kisha nikarudi kukaa kwenye benchi la wanafunzi nikiwa na miaka 39. Nilipokuwa nikisoma historia ya elimu ya nchi jirani ya Tanzania, nilishangaa kukuta kwamba kulikuwa na wakati ambapo mtu wa aina yangu ndiye aliyetakiwa chuo kikuu, na kijana aliyetoka moja kwa moja sekondari ndiye aliyeambiwa asubiri. Insha hii inaeleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, lilivyoharibika, na lina somo gani kwetu.

Tuanze na mizizi yake. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, chama cha TANU kilifungua Chuo cha Kivukoni ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam. Chuo hicho kiliundwa kwa mfano wa Ruskin College ya Oxford, iliyoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi ambao umaskini uliwanyima shule. Joan Wicken, Mwingereza aliyesoma Ruskin na baadaye akawa msaidizi wa Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi, alikuwa miongoni mwa walioshughulikia kuanzishwa kwake. Kivukoni iliwapokea watu wazima waliokuwa kazini, wakiwemo viongozi wa vyama vya wafanyakazi na vya ushirika. Hata sisi wa Uganda tuna mkono wetu katika historia hii. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1960 kama tawi la idara ya Makerere iliyopeleka masomo ya jioni kwa watu wa nje ya chuo. Kwa hiyo wazo kwamba mtu mzima ana haki ya kusoma lilivuka mpaka likitoka kwetu kabla halijarudi likiwa na sura nyingine.

Sura hiyo nyingine ilitokana na ugomvi. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao ya kitaaluma, kupinga sheria iliyowalazimisha kutumikia taifa kwa miaka miwili huku wakilipwa sehemu tu ya mshahara. Nyerere aliwasikiliza Ikulu, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa na kurudishwa makwao. Wengi walirudishwa baadaye, lakini jeraha lilibaki. Serikali iliona kwamba chuo kikuu kilikuwa kinazaa kundi la vijana waliojiona wanadai nchi, ilhali nchi ndiyo iliyokuwa ikiwadai wao. Miezi michache baadaye, Machi 1967, Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akasema kwamba shule inamtenga mtoto na watu wake na kumfundisha kudharau maarifa yasiyotoka vitabuni.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mji ulio kando ya ziwa letu hilihili, na kupitisha lile linaloitwa Azimio la Musoma. Wengi hulikumbuka kwa sababu ya uamuzi wake wa kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo mwaka 1977. Uamuzi wa pili haukumbukwi sana. Ulisema kwamba aliyemaliza kidato cha sita hataingia tena chuo kikuu moja kwa moja. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa, atafanya kazi angalau miaka miwili, na atakapoomba nafasi atahitaji pendekezo la mwajiri wake na la tawi la chama, pamoja na alama zake za mtihani.

Tunaosoma historia tumezoea kuliona sharti hili kama njia ya chama kuwadhibiti wasomi. Nakubali kwamba udhibiti ulikuwemo. Tawi la chama linapoandika barua kuhusu tabia ya mtu, huwezi kujua kama linapima bidii yake au utiifu wake. Hata hivyo ndani ya sharti lile kulikuwa na jambo ambalo sijaliona kwingine katika eneo letu: miaka ya kazi ilihesabiwa. Karani wa posta, muuguzi, mwalimu wa shule ya kijijini, wote waliambiwa kwamba walichojifunza kazini ni sehemu ya sifa ya kuingia chuo kikuu. Kukaa nje ya darasa kukawa hatua katika safari ya elimu, na aliyekaa nje hakuwa na sababu ya kuona haya.

Lakini mpango huo ulikuwa na kasoro kubwa, na iliwaumiza wanawake. Idadi ya wasichana walioingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilishuka baada ya sharti kuanza kutumika. Sababu anaijua mwanamke yeyote wa eneo hili. Miaka miwili au mitatu baada ya sekondari ndiyo miaka ambayo familia huanza kuuliza habari za mahari. Kijana wa kiume anayesubiri huambiwa anajipanga, na msichana anayesubiri huambiwa umri unakwenda. Akishaolewa na kupata mtoto wa kwanza, atahitaji ruhusa ya mume juu ya pendekezo la mwajiri, na ruhusa hiyo haikuandikwa katika azimio lolote. Waliokutana Musoma walimfikiria mfanyakazi, na katika fikra zao mfanyakazi huyo alikuwa mwanamume. Baada ya muda mfupi serikali iliuona upungufu huo, na wasichana wakaondolewa sharti la kufanya kazi kwanza. Katikati ya miaka ya 1980 sharti lenyewe lilikuwa limeachwa, na vijana wa kiume nao wakaanza tena kwenda chuoni kutoka kidato cha sita.

Kwetu Uganda mlango wa watu wazima upo, ila umejengwa kwa namna nyingine. Mwenye umri wa miaka 25 au zaidi anaweza kufanya mtihani maalumu wa kuingia chuo kikuu hata kama hana vyeti vya sekondari ya juu. Ni mlango mzuri na nimeupitia. Kinachopimwa pale ni kama bado unaweza kufikiri na kuandika kama mwanafunzi. Ulichofanya katikati hakiulizwi. Nilipopeleka fomu zangu, karani aliuliza, "Mama, cheti cha S4 kiko wapi?" Nilimpa. Nilimpa pia barua ya mwalimu mkuu iliyoeleza miaka yangu 18 darasani. Aliisoma, akanirudishia kwa adabu, akasema, "Hii haina mahali pake." Kweli nilipoitazama fomu, haikuwa na nafasi hata mstari mmoja wa kuandika kazi niliyofanya.

Tangu Sera ya Kitaifa ya Walimu ya mwaka 2019, ambayo inataka kila mwalimu awe na shahada, suala hili limeacha kuwa la mtu mmojammoja. Walimu wenye cheti cha ualimu wa msingi, wengi wao watu wa makamo, wanatakiwa kurudi masomoni. Wanasoma wakati wa likizo za shule na kulipa karo kutoka mshahara uleule unaolipa karo za watoto wao. Ukiilinganisha na Musoma utaona mambo yamepinduka. Mwaka 1974 Tanzania ilimwambia msomi kwamba kisomo chake hakijakamilika mpaka afanye kazi. Sisi leo tunamwambia mfanyakazi kwamba kazi yake haijawa kazi mpaka apate shahada. Sipingi shahada, maana ndiyo niliyoifuata. Ninachopinga ni kumwanzisha upya mtu ambaye hayuko mwanzoni.

Nitoe mfano mmoja. Katika somo la mbinu za kufundisha lugha, mhadhiri wetu, kijana ninayemheshimu, alieleza jinsi ya kugawa darasa la wanafunzi 40 katika vikundi. Nilinyoosha mkono nikauliza ifanyweje wakiwa 104, kwa kuwa hao ndio niliokuwa nimewaacha darasa la pili. Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Aliniomba nieleze nilivyokuwa nafanya, nikaeleza kuhusu viongozi wa mistari, kuhusu wimbo wa kuhesabu wa Kiswahili niliotumia kuwatuliza, na jinsi nilivyosahihisha mistari miwili kila siku ili wiki isiishe bila kufika kwa wote. Tulitumia saa nzima. Baadaye wanafunzi wawili walikuja kuniomba daftari langu. Siku ile nilielewa walichokitaka watu wa Musoma kuliko nilivyokielewa vitabuni.

Hitimisho langu ni hili. Azimio la Musoma lilishindwa kwa sababu lililazimisha wote wasubiri bila kuuliza kusubiri kunamgharimu nani. Lakini swali lake lilikuwa sahihi: miaka ya mtu nje ya darasa ina thamani gani? Vyuo vyetu vinaweza kulijibu bila kumlazimisha kijana yeyote kusubiri. Vinaweza kuweka nafasi ya kazi katika fomu za maombi, kumpunguzia mwalimu mzoefu masomo ambayo tayari anayaishi, na kupanga ratiba kwa kukumbuka kwamba mama wa watoto watatu naye ni mwanafunzi. Barua ya mwalimu mkuu wangu bado ninayo. Nimeiweka katika faili moja na barua ya kukubaliwa chuoni, kwa sababu naona zote mbili zinaeleza nilivyofika hapa.