Shule Mbalimbali, Mtihani Mmoja: Wanafunzi wa Sisibo, Miaka ya 1950

Kabla ya uhuru wa Kenya, rangi ya mtoto ndiyo iliyoamua angesomea wapi. Mjini Eldoret, uitwao pia Sisibo, wasichana wa Kizungu walilala katika mabweni ya shule ya Highlands. Watoto wa Kihindi walikuwa na shule zao. Mvulana wa Kiafrika aliyebahatika alibeba sanduku lake la bati hadi Kapsabet, kwenye shule ya serikali iliyofunguliwa mwaka 1925. Daniel arap Moi, aliyekuja kuwa Rais, alisoma hapo.

Chujio
Kufuatia ripoti ya Beecher ya mwaka 1949, elimu ya Mwafrika iligawanywa katika hatua tatu: miaka minne ya msingi, minne ya kati na minne ya sekondari. Kila hatua ilikuwa na mtihani wake, na kila mtihani uliwarudisha wengi nyumbani.

Cambridge
Wachache waliomaliza Kidato cha Nne walifanya mtihani wa Cambridge. Majibu yao yalisahihishwa Uingereza, nao wakasubiri matokeo kwa miezi. Waliofaulu vizuri walitazamia Chuo cha Makerere, au Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1956. Kuanzia 1959, wengine walipanda ndege kwenda kusoma Marekani kwa mpango ulioongozwa na Tom Mboya.

Baada ya uhuru wa 1963
Tume ya Ominde ilipendekeza mfumo mmoja wa elimu kwa Wakenya wote. Highlands ikawafungulia milango wasichana wa kila jamii. Leo ni Shule ya Upili ya Wasichana ya Moi, Eldoret.