Jampa

Jampa ni kifuniko kidogo cha plastiki chenye metali ndani, ambacho huvikwa juu ya pini mbili zilizo jirani ili umeme upite kutoka moja hadi nyingine, na ikivuliwa njia hiyo hukatika. Jina limetokana na kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kuruka, na waya unaovuka pengo kati ya sehemu mbili za sakiti nao huitwa hivyo hivyo.

Kazi yake huonekana vizuri katika Arduino Diecimila ya mwaka 2007, bodi ya kielektroniki ya mradi ulioanzia mjini Ivrea, Italia, ambayo ina pini tatu zilizopangwa mstari mmoja karibu na tundu la USB. Jampa ikishika pini ya kati na ile ya upande wa USB, bodi hutumia volti 5 za kompyuta; ikihamishiwa upande wa pili, hutegemea adapta, ambayo inashauriwa iwe ya volti 7 hadi 12. Mwanafunzi anayechomeka adapta peke yake bila kuihamisha jampa huiona bodi ikibaki imezimika, ilhali haina ubovu wowote.

Bodi iliyofuata, Duemilanove, huchagua chanzo cha umeme yenyewe, jambo linalopunguza usumbufu, ingawa humnyima anayeanza kujifunza fursa adhimu ya kuuona kwa macho, na kuugusa kwa vidole, uamuzi ambao sasa umefichwa ndani ya sakiti.