Mto hatuna, mafundi tunao

Ukipita Birere saa mbili za asubuhi, masikio yanatangulia macho. Nyundo juu ya manjanja, mashine ya kukatia chuma inayolia kama mtoto aliyenyimwa chai, cheche za bluu za mtu anayechomelea mlango. Huyu anatengeneza mbabula, yule kitanda, mwingine geti la mwenye nyumba ya Himbi. Halafu kuranti inakatika, kelele inasimama ghafla, na baada ya dakika mbili gurupu ya kwanza inanguruma. Kazi inaendelea, lakini bei ya ule mlango imeshapanda, juu mafuta si ya bure.

Mimi TFC yangu niliandika juu ya turbini ndogo ya maji kwa kijiji kimoja cha Masisi. Kurasa 60, fomula zote ndani, jalada la bluu. Iko kwenye rafu mpaka leo. Mwaka jana fundi mmoja wa Birere akaniita: "Injenyere, kuja uone." Mteja wake kutoka upande wa Lubero alitaka gurudumu la kuzungushwa na maji, na fundi alikuwa amekata sahani mbili za chuma, nzuri kabisa, duara kama sarafu. Akaniuliza: "Haya mabawa, Injenyere, niyapinde mpaka wapi?"

Nilikaa kimya. Nilikuwa na kurasa 60 na sikuweza kumjibu. Nikarudi nyumbani kutafuta, na jibu nililipata ndani ya historia ambayo kwenye auditorio hatukuambiwa, ama tuliambiwa tukiwa tumelala.

Turbini tulizofundishwa ni zile za wakubwa. Mwaka 1827 Mfaransa Benoît Fourneyron alitengeneza ya kwanza iliyofanya kazi kweli. Akaja James Francis kule Marekani, kisha Lester Pelton, fundi wa migodi ya dhahabu ya California, aliyepata hataza yake mwaka 1880. Ni mashine nzuri sana, lakini zinadai viwanda vya kuyeyusha na kumimina chuma. Vikombe vya Pelton au mabawa ya Francis huwezi kuyatengeneza vizuri kwa nyundo na poste ya kuchomelea. Ukitaka moja, unaagiza ng'ambo, unalipa, unangoja. Ikiharibika, unaagiza na unangoja tena.

Ile ya kwetu, naiita hivyo makusudi, ilianza mwaka 1903, pale injinia wa Australia Anthony Michell alipoomba hataza ya turbini ambamo maji yanapita katikati ya gurudumu. Baadaye profesa wa Budapest, Donát Bánki, akaifanyia nadharia yake. Huyu Bánki ndiye yeye na mwenzake Csonka walipata hataza ya kabureta mwaka 1893, kwa hiyo kila mwendesha moto wa Goma anayepuliza kabureta yake kwa mdomo anamdai shukrani kidogo. Mjerumani Fritz Ossberger akaichukua miaka ya 1920 na 1930 akaifanya biashara, na kampuni yake bado inaiuza.

Angalia ilivyojengwa, utaelewa kwa nini naisifu. Sahani mbili za duara, na kati yake mabawa yaliyopinda, kama ngazi iliyokunjwa ikawa pipa. Maji yanaingia kwa juu, yanasukuma mabawa, yanavuka tumbo la gurudumu lililo wazi, yanasukuma mabawa ya upande wa pili, yanatoka. Karibu robo tatu ya nguvu inatoka kwenye mpito wa kwanza, iliyobaki kwenye wa pili. Majani yakiingia, mpito wa pili unasaidia kuyatoa. Ukiwa na maji mengi zaidi, hubadilishi umbo: unarefusha gurudumu tu, kama kuongeza meza kwenye karamu. Na mabawa yenyewe ni vipande vya bomba la chuma vilivyokatwa kwa urefu. Hakuna kitu cha kumimina. Kuna kukata, kupanga na kuchomelea, na hiyo njo kazi ya Birere ya kila siku.

Lakini hataza peke yake haikufikisha kitu vijijini. Walioifikisha ni karakana za Nepal. Miaka ya 1970, pale Kathmandu, karakana ya Balaju Yantra Shala ikishirikiana na Waswisi ilichora turbini hii upya kwa ajili ya mafundi wa kawaida, na pale Butwal mafundi wengine wakafanya kazi kama hiyo. Hawakuanza na umeme. Walianza na kinu. Mkanda kutoka kwenye turbini unazungusha mashini ya kusaga mchana, wanakijiji wanalipa kwa kilo, na usiku mkanda unahamishwa kwenye jenereta ndogo kwa ajili ya taa. Deni la benki lililipwa na unga, taa zikawa kama zawadi. Michoro ikatoka karakana hadi karakana, ikafika hata Indonesia. Mwaka 1984 serikali ya Nepal ikaondoa sharti la leseni kwa mitambo isiyozidi kilowati 100, na mafundi wakapumua.

Shida iliyowatesa zaidi ilikuwa mwendo. Watu wakizima taa zote pamoja, turbini inakosa mzigo, inakimbia, volteji inapanda, na balbu za wale waliobaki macho zinalipuka. Kidhibiti cha mashine kubwa kilikuwa ghali kuliko turbini yenyewe. Suluhisho likawa kisanduku cha elektroniki kinachopeleka umeme usiotumika kwenye kichemsha maji, ili jenereta isijue kama watu wamelala. Hapo fundi wa kuchomelea alihitaji mtu aliyesoma, na yule aliyesoma alikuwa karakanani.

Karibu na sisi, Kenya wana mfano wa Tungu-Kabiri, upande wa Mlima Kenya: mtambo wa kilowati 18 tu, kaya karibu 200 zilizonunua hisa, watu wakachimba mfereji kwa mikono yao.

Na sisi? Kivu ya wakati wa ukoloni ilikuwa na mitambo midogo kwenye misheni na mashamba ya kahawa na chai. Umeme wa miji ukatoka mbali: Ruzizi ya kwanza, pale Bukavu, ilijengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950, na ya pili, ya nchi tatu, ikaanza 1989. SNEL iliundwa 1970, na kwa zaidi ya miaka 40 umeme ukawa jambo la serikali. Sheria ya Juni 2014 njo ilifungua mlango kwa wengine, na miradi midogo sana ikapata njia yake nyepesi. Mbuga ya Virunga ilikuwa imeshaanza Mutwanga, kilowati 400, mwaka 2013. Desemba 2015 ikafungua Matebe, kwenye mto Rutshuru, megawati 13 hivi, na baadaye Luviro kule Lubero. Nyaya za Matebe zilipofika Goma tulifurahi, na sioni sababu ya kujificha kusema hivyo.

Ila waya mrefu ni waya mrefu. Januari 2025, wakati wa mapigano, mji ulibaki gizani, na mabomba yakakauka kwa sababu pampu za maji zinangoja umeme. Tukashuka na bidoni ziwani. Na Goma haina mto wa kujitegemea. Tumekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, mvua inanyesha na maji yanazama ndani ya lava kabla hujatafuta ndoo. Ziwa tunalo, lakini ziwa limelala, halianguki. Turbini inataka maji yanayoanguka.

Kwa hiyo turbini ya Birere haitaiwasha Birere, tusijidanganye. Itauzwa: Masisi, Rutshuru, Lubero, huko milima inateremsha maji mchana na usiku. Chukua kijito cha lita 50 kwa sekunde na mteremko wa mita 10. Zidisha 50 kwa 10 kwa 9.81, unapata wati 4,905. Nusu yake ukiipata kwenye waya, ni kama kilowati mbili na nusu: taa za nyumba nyingi, simu za kijiji kizima, ama mashini moja ndogo ya kusaga. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 30 litazunguka karibu mara 420 kwa dakika. Jenereta ya kawaida inataka 1,500, kwa hiyo puli kubwa iwe mara 3.6 ya ndogo.

Hesabu hizi zote zilikuwa ndani ya TFC yangu. Kilichokosekana ni ukurasa mmoja ambao fundi angeubandika ukutani, wenye vipimo vya kukata. Nimeuandika sasa, na nitauweka hapa hapa kwa ajili ya yeyote mwenye fundi jirani.

Kwa gurudumu la sentimita 30, mabawa yapindwe kwa nusu kipenyo cha milimita 49, yaani bomba la karibu sentimita 10. Kila bawa lichukue nyuzi 73 za duara, kwa hiyo bomba moja linatoa mabawa manne. Duara la ndani, lile tumbo lililo wazi, liwe theluthi mbili ya la nje, sentimita 20. Maji yaingie kwa pembe ya nyuzi 16.

Nilimpelekea fundi Jumamosi. Akausoma mara mbili, akapima bomba lililokuwa chini ya meza yake kwa kidole na kidole, akasema: "Hili ni la sentimita kumi. Nilikuwa nalo siku zote."