Unachuma dawa kando ya barabara Olasiti? Soma hii kwanza

Shubiri mwitu kwenye ua, mwarobaini karibu na njia, mlonge nyuma ya nyumba. Kwa wakazi wa Olasiti, pembezoni mwa jiji la Arusha, dawa ya namna hii ni bure na haina foleni.

Shida ni kwamba mmea hauchagui. Mizizi inanyonya kilichomo kwenye udongo, kiwe kizuri au kibaya.

Madini gani?

Zinki, shaba na chuma tunavihitaji kwa kiasi kidogo. Lakini madini ya risasi na kadimiamu hayana kazi yoyote mwilini. Yanatoka kwenye betri mbovu, rangi za zamani, taka zinazochomwa na vumbi la barabarani.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006. Ila risasi haiozi. Iliyoanguka kando ya barabara miaka hiyo inaweza kuwa bado ipo kwenye udongo wa juu.

Inakaa wapi kwenye mmea?

Risasi inayonyonywa hubaki zaidi kwenye mizizi. Ya kwenye vumbi hutua juu ya majani na magome. Kadimiamu yenyewe hupanda kirahisi hadi kwenye majani.

Kwa hiyo hata magome ya olkiloriti au mizizi ya oloisuki unayotia kwenye supu, muhimu ni kujua imetoka wapi.

Si nachemsha?

Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi madini. Kuosha kunatoa vumbi la juu tu. Na ukisaga mmea ukala unga wake, umekula vyote.

Arusha kuna jambo la ziada: floraidi. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuingia kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini sehemu kama Ngarenanyuki inazidi kwa mbali. Maji yenye floraidi yakichemka hadi yakapungua, floraidi inabaki na kukolea zaidi.

Kiasi gani ni hatari?

Kwa dawa za mimea iliyokaushwa, shirika hilo limependekeza risasi isizidi miligramu 10 kwa kilo, na kadimiamu 0.3. Kwa macho huwezi kuviona, ni maabara tu.

Walio hatarini zaidi ni watoto wadogo na wajawazito. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake.

Ufanye nini?

- Usichume karibu na barabara kubwa, gereji, dampo au panapovunjwa betri.
- Muulize muuzaji: "Umeichimba wapi?" Asipojua, acha.
- Panda mwenyewe. Shubiri inakua vizuri hata kwenye ndoo yenye udongo safi.
- Unatengeneza dawa za kuuza? Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha.
- Mtoto akiugua, mpeleke hospitali na umwambie daktari dawa zote alizokunywa, hata za nyumbani.

Hii haina maana kila mmea wa Olasiti una sumu. Ina maana kwamba mwarobaini wa shambani na wa kando ya gereji si dawa moja.