Chaneli 19 ya madereva wa malori, na somo kwa maboti ya Mfangano

Leo tuziweke programu kando kidogo, tuzungumzie redio. Mwishoni mtaona kwamba hatukwenda mbali.

Ukikaa ufukweni Mfangano usiku, utaona taa za wavuvi wa omena zimetapakaa ziwani. Nahodha wa boti akitaka msaada, hutoa simu ya mkononi. Simu ni nzuri, ila humfikia mtu mmoja, tena mpaka uwe na namba yake. Injini ikizima na mawimbi yanapanda, unayemhitaji ni yeyote aliye karibu, hata usiyemjua. Basi swali linakuja lenyewe: kwa nini kila boti isiwe na redio ya kubonyeza na kuongea, wote wakasikia?

Wazo zuri. Lakini wako waliolijaribu kwa mamilioni, na yafaa tujue yaliyowapata.

Mwaka 1958 serikali ya Marekani iliwapa raia wa kawaida chaneli 23 kwenye masafa ya megahezi 27. Redio hizo ziliitwa CB. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika, na 1974 mwendo barabarani ukapunguzwa kuwa maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88. Madereva wa malori, ambao wengi hulipwa kwa maili, wakazikimbilia redio hizi ili waambiane dizeli iko wapi na polisi wamejificha wapi. Chaneli 9 ilikuwa ya dharura. Chaneli 19 ikawa yao kwa mazoea. Hata Betty Ford, mke wa rais, alikuwa na jina lake la hewani: "First Mama". Januari 1977 chaneli zikaongezwa zikafika 40.

Hapo ndipo adabu ilipoisha.

CB nyingi hutumia mfumo wa AM. Wawili wakibonyeza pamoja, mawimbi yao hugongana na wanaosikiliza hupata filimbi kali tu. Wengine walifanya hivyo kwa bahati mbaya. Wengine kwa makusudi: kupiga muziki, kutukana, kushikilia kitufe ili mwingine asisikike. Mwisho wa muongo ule jua nalo lilichangamka, na sauti za watu walio maelfu ya kilomita mbali zikawa zinadundishwa na anga na kuingia katikati ya mazungumzo.

Kila mtu akatafuta dawa yake: nguvu zaidi. Sheria iliruhusu wati 4. Watu wakanunua vikuza mawimbi vya mamia ya wati. Sasa fanya hesabu. Kutoka wati 4 hadi 400 ni mara 100, lakini kwa msikilizaji sindano ya redio hupanda alama tatu na kidogo tu. Jirani naye akinunua chake, mmerudi pale pale, ila kelele imezidi na mwenye wati 4 hasikiki kabisa.

Leseni je? Wengi hawakuiomba, na walijiita kwa majina ya kubuni. Mwaka 1983 serikali ikaifuta. Mvurugaji hakuwa na jina wala anwani.

Wakati huo huo, watu wa kompyuta walikutana na tatizo hilo hilo. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kiliunganisha visiwa kwa redio, mtandao ukaitwa ALOHAnet. Kila mashine ikirusha inapotaka, hesabu huonyesha kwamba hewa itatumika vizuri kwa asilimia 18 tu. Inayobaki ni migongano na ukimya. Ethernet, iliyoanza 1973, na Wi-Fi baadaye, zikafuata kanuni mbili: sikiliza kwanza, na mkigongana kila mmoja asubiri muda wa kubahatisha kabla ya kurudia. Yaani adabu iliandikwa ndani ya programu. Mtu mwenye maikrofoni hakuandikiwa.

Turudi ziwani. Redio za majini za VHF zina chaneli 16, ya dharura na ya kuitana, duniani kote. Maboti mawili yenye antena za mita 2 yatasikilizana kama kilomita 12. Weka kirudishi juu ya mlima Kwitutu pale Mfangano, mita 500 hivi juu ya maji, na boti itakifikia kutoka zaidi ya kilomita 90. Lakini kirudishi hicho hicho kitambeba pia mtu ambaye kitufe chake kimekwama. Tena VHF hii ni FM: mwenye nguvu humfunika mnyonge, hata filimbi hutaisikia. Anayezama, betri ikiwa imechoka na antena imelowa, ndiye mnyonge.

Kwa hiyo redio peke yake haitoshi. Iwekwe ya kukata yenyewe mtu akibonyeza muda mrefu. Watu wasikilize kabla ya kuongea, na wakishaitana wahamie chaneli nyingine. Muhimu kuliko yote, kila boti ijitaje kwa jina. Hapa tumewazidi madereva wa Marekani: wao hawakujuana, lakini huku kila ufuo una kamati yake, BMU, yenye orodha ya maboti. Orodha hiyo ndiyo leseni iliyowashinda wao. Tuitumie kabla hatujanunua antena.

Alamsiki.